Pikipiki Gani kwa Milima ya Kigoma? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nina duka la spea Mwanga. Kabla ya kukaa nyuma ya kaunta niliendesha boda miaka sita, kijiwe cha stendi ya Masanga. Haipiti wiki bila mtu kuingia na hela yake ya dagaa, ya mawese au ya mkopo wa kikundi, akiuliza achukue pikipiki ipi. Wengine wanakuja wakiwa wameshanunua, wanatafuta mtu wa kuwaambia hawajakosea. Maswali ni yaleyale, nimeyaweka hapa na majibu yangu. Mengine yana majibu marefu, mengine hayastahili zaidi ya mistari miwili.

Nianze kuangalia nini: nguvu, starehe au mafuta?

Anza na njia yako mbaya kuliko zote, na mzigo mzito kuliko yote unaoubeba walau mara mbili tatu kwa wiki. Hayo mawili ukiyajua, nusu ya pikipiki zilizopo dukani umeshaziondoa.

Anayezunguka Mwanga, Katubuka, Gungu na Ujiji na abiria mmoja mmoja anaishi kwenye safari fupi, kusimama na kuondoka, mwendo wa 30 au 40. Huyo cc 100 au 125 inamtosha, na mafuta ndiyo yatakayomtofautisha na mwenzake jioni. Anayechukua dagaa Kibirizi kupeleka Mwandiga, Kalinzi mpaka Manyovu ana kilometa 60 za lami kutoka Mwandiga, na sehemu kubwa ni kupanda. Huyo aangalie nguvu kwanza. Na wa Simbo, Ilagala na vijiji vya kusini mwa ziwa, kwenye udongo na makorongo, aangalie shokapu, tairi na kiti kabla hajauliza habari ya cc.

Mteja akiingia huwa ananiuliza "inakimbia ngapi?" Kwa miaka yote hii nimeulizwa mara mbili tu, "inapanda ikiwa na nini?" Wote wawili walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya mawese.

Cc, farasi, torki: vyote hivyo ni nini?

Cc ni ukubwa wa nafasi ambamo pistoni inapanda na kushuka. Nafasi ikiwa kubwa, kila mlipuko unaingiza hewa na mafuta zaidi, basi na msukumo unakuwa mkubwa. Torki ni huo msukumo wenyewe. Nguvu farasi ni msukumo ukizidishwa na kasi ya injini kuzunguka.

Fikiria kijana anayepandisha baiskeli yenye madumu kutoka Kibirizi. Uzito anaokandamiza kwenye pedali ndiyo torki. Akiongeza na upesi wa kuzungusha, hapo unapata farasi. Ukiwa kwenye kilima na mzigo, unachohitaji ni mguu mzito kwenye pedali inayozunguka polepole.

Ndiyo maana karatasi ya dukani inadanganya bila kusema uongo. Boxer ya cc 150, kwa mfano, inatajwa kuwa na farasi 12. Ni kweli, lakini farasi hao 12 wanapatikana injini ikizunguka mara 7,500 kwa dakika, na hakuna anayebeba dagaa injini ikilia hivyo. Torki yake ya juu, kama Nm 12, inakuja kwenye mizunguko 5,000 hivi. Mizunguko hiyo ya pili ndiyo unayoishi nayo kila siku. Ukilinganisha pikipiki mbili, usiishie kwenye idadi ya farasi. Tazama torki inafika juu kwenye mizunguko mingapi. Inayofika mapema ndiyo itakayokupandisha bila kukulazimisha kushuka gia kila kona.

Cc 100 inaweza kupanda milima yetu ikiwa na abiria na mzigo?

Inaweza. Swali ni kwa mwendo gani na kwa muda gani kabla injini haijachoka.

Tupige hesabu. Pikipiki yenyewe kilo 115 hivi, wewe 70, abiria 70, mzigo 35. Jumla kilo 290. Mlima unaopanda mita 8 kila unapokwenda mita 100. Kwa mwendo wa 30 kwa saa, tairi la nyuma linahitaji farasi watatu na nusu hivi. Kwa mwendo wa 50 linahitaji karibu saba. Injini ya cc 100 ina farasi saba au nane, na wengine wanapotelea kwenye gia na cheni kabla hawajafika kwenye tairi. Kwa hiyo kwa mwendo wa 30 inapanda ikiwa na akiba. Kwa 50 imefika mwisho, umefungua mafuta yote na huna cha kuongeza likitokea lori mbele yako. Ya cc 150 kwenye mwendo huohuo bado ina farasi watatu wanne mfukoni.

Tatizo la pili ni joto. Pikipiki hizi zinapozwa na upepo. Unapopanda kwa gia ya kwanza au ya pili upepo ni mdogo na moto ni mwingi. Oili inakuwa nyepesi kama maji, ringi zinasuguana na silinda, na baada ya miezi kadhaa unaanza kuona moshi wa bluu kwenye eksozi.

Mimi mwenyewe nilianza na cc 100 ya mkataba. Bosi alichagua kwa sababu ya bei, nami nilichagua njia ya Manyovu kwa sababu ya malipo. Mwezi wa nane tangu nianze tukafungua injini. Fundi aliitoa pistoni akaiweka kiganjani mwangu bila kusema neno. Ubavuni ilikuwa na mikwaruzo mirefu, kama imepitishwa kwenye mawe. Gharama ile ilikula mafuta yote niliyojidai kuyaokoa tangu siku ya kwanza, na hesabu ya bosi ilikuwa inanisubiri palepale.

Basi ipi inabana mafuta?

Ndogo inabana, mradi isibebeshwe. Kwa matumizi ya kawaida, cc 100 huenda kilometa 50 hadi 65 kwa lita, cc 125 huenda 45 hadi 55, na cc 150 huenda 38 hadi 48. Zile ndefu za porini zipo kwenye 30 hadi 40.

Tuchukulie lita ni shilingi 3,000, ili hesabu iwe nyepesi, na unakwenda kilometa 100 kwa siku. Mjini, cc 100 kwa kilometa 55 kwa lita inakunywa lita 1.8. Cc 150 kwa kilometa 42 kwa lita inakunywa lita 2.4. Tofauti ni kama shilingi 1,700 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, shilingi 44,000 hivi. Si hela ya kudharau.

Sasa zipeleke zote mbili mlimani na mzigo. Ndogo uliyoifungua mafuta muda wote inashuka mpaka kilometa 42 hivi. Kubwa, ambayo haijabanwa sana, inashuka mpaka 37. Tofauti imebaki shilingi elfu moja kwa siku, hata haifiki. Hapo ongeza oili unayobadilisha mapema, cheni inayovutika na ringi zinazokwisha. Pikipiki ndogo ikibebeshwa inakula kama kubwa, halafu inadai na nyama ya injini juu yake.

Hesabu hii irudie kila mwezi kwa bei yako. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Kigoma huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yanasafiri nchi nzima kutufikia. Huku vijijini kwenye chupa za maji ndiyo usiseme. Lita inayouzwa kwa chupa huwa na bei yake, na mara nyingine na maji yake.

Muuzaji kasema lita moja kilometa 80. Kaniongopea?

Pengine hakuongopa. Ilipimwa na dereva mmoja mwembamba, njia tambarare, mwendo usiobadilika wa 45, tairi zimejaa upepo, bila abiria wala mzigo. Ukipata siku kama hiyo Kigoma, nipigie simu.

Pima mwenyewe. Jaza tenki mpaka shingoni, pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi kubwa. Andika kilometa. Fanya kazi yako ya kawaida siku mbili. Rudi sheli ileile, pampu ileile, jaza mpaka palepale. Gawanya kilometa kwa lita zilizoingia. Mara ya mwisho nilipopima yangu nilikuwa nimekwenda kilometa 142 na zikaingia lita 3.1, yaani karibu kilometa 46 kwa lita, cc 150, mchanganyiko wa mjini na Mwandiga. Pima mara tatu ndipo uamini. Kupima kwa "nimetia ya elfu tano, imekwisha Gungu" hakukuambii kitu, kwa sababu hujui ulianza na kiasi gani.

Namba yako ikishuka ghafla usikimbilie kulaumu sheli. Angalia upepo wa tairi kwanza, halafu breki ya nyuma kama inashika bila kukanyagwa, cheni kama imekauka, na filta ya hewa. Kuanzia Juni mpaka Septemba vumbi la njia za udongo linaziba filta kama unga. Injini ikikosa hewa inakunywa petroli bila kuichoma vizuri, na plagi inatoka nyeusi kama imepakwa masizi ya chungu.

Nikizima injini kwenye mteremko naokoa mafuta, sivyo?

Swali hili silipendi, maana najua anayeuliza tayari anafanya hivyo. Kutoka Mwanga kushuka kuelekea stesheni utawaona asubuhi, kimya kimya, fri, kama wanateleza kwenye utelezi.

Injini ikiwa kwenye gia na mafuta yamefungwa inakunywa kidogo mno. Mteremko wa dakika kumi ni vijiko vitatu vya chakula, tena nimezidisha. Kwa bei yetu ya mfano ni shilingi mia na kitu. Ulichotoa ili kuokoa mia hiyo ni breki ya injini. Sasa uzito wote umebebwa na breki za mkono na mguu, nazo kwa pikipiki nyingi za hapa ni za dramu. Dramu ikipata moto mteremko mrefu, unakanyaga na haishiki. Ukiwa na abiria na mikungu miwili mitatu ya ndizi za Kalinzi nyuma, ukikuta ng'ombe barabarani, utaiwasha saa ngapi?

Shuka na gia ileile ambayo ungepandia mlima huo. Nilifundishwa hivyo na dereva wa lori, sijaona sababu ya kubadilisha.

Starehe si mambo ya matajiri? Mimi nataka kazi.

Kaka, starehe ndiyo kazi. Dereva wa boda anakaa juu ya kiti saa kumi, kumi na mbili. Kiti kikimuua kiuno saa nane mchana, anarudi nyumbani saa tisa. Saa zile mbili za jioni abiria wanapotoka sokoni zinamkuta amelala chali. Weka hasara hiyo kwenye daftari, pembeni ya mafuta, uone ipi kubwa.

Kuna mambo unaweza kuyakagua palepale dukani bila kuwasha injini. Kaa kwenye kiti, shika usukani, weka miguu kwenye vikanyagio. Mgongo uwe wima, viwiko vimekunjika kidogo, magoti yasipite usukani. Ukijikuta umeinama mbele kama mtu wa mbio, mikono itakufa ganzi. Kisha mwite mwenzako akae nyuma. Akisogea akakusukuma mpaka ukagusa tenki, kiti ni kifupi, na kwa boda kiti kirefu cha kulala sawa ni biashara. Mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa sokoni anachagua pikipiki kwa macho kabla hajauliza nauli. Nimeziona pikipiki mpya zikirukwa kijiweni kwa sababu kiti cha nyuma kimeinuka kama mgongo wa nundu.

Shokapu zikague kwa kukandamiza. Kaa wawili, ruka kidogo. Zikishuka mpaka mwisho na kugonga, hazitawezana na barabara ya Ilagala. Zisiposhuka kabisa, zimewekwa kwa mzigo na zitakurusha ukiwa mwenyewe. Nyingi zina kirekebisho cha hatua chini ya springi. Fundi hukizungusha kwa spana dakika mbili. Ukibeba mzigo kaza, ukiwa mtupu legeza. Watu wengi hununua pikipiki, wakaiendesha miaka mitatu na hawajawahi kugusa kirekebisho hicho. Wengine wanakwenda kuongezewa springi ya pili pembeni. Inasaidia siku ya magunia, siku nyingine zote ni adhabu.

Mtetemo nao usiudharau. Injini ndogo inayolia juu muda wote inatetemesha usukani na vikanyagio kuliko kubwa inayozunguka taratibu. Kwa safari ndefu kama Kigoma mpaka Kasulu, kilometa mia hivi, tofauti kati ya cc 100 na 150 utaisikia viganjani kabla hujaisikia kwenye mfuko. Upande huo nguvu na starehe ni kitu kimoja.

Na tairi. Upepo mwingi kwenye tairi unabana mafuta kidogo na kukugongesha kila jiwe. Upepo mdogo unalainisha njia, unakula mafuta na kukata tyubu. Tazama kibandiko kwenye pikipiki yako. Kwa hizi za kazi huwa psi 25 mbele na kati ya 28 na 33 nyuma kutegemea mzigo. Wengi pale kijiweni wanapima kwa kupiga teke.

Nibebe kilo ngapi?

Kitabu cha pikipiki nyingi za aina hizi hakizidi sana kilo 150, wewe mwenyewe ukiwemo. Dumu la lita 20 la mawese ni kilo 18 na chupa yake juu. Madumu manne ni kilo 75 hivi, na dereva wa kilo 70 amekwishamaliza kitabu. Tunaona sita, tunaona manane. Siwezi kujifanya sijawahi. Ila unapochagua pikipiki, chagua kwa mzigo utakaobeba kweli, usichague kwa ule utakaomwambia trafiki. Gunia la dagaa wakavu si zito kama linavyoonekana, lakini ni pana. Linazuia upepo, na kuanzia mwendo wa 60 upepo ndio unaokula mafuta kuliko uzito.

Nikiongeza meno kwenye spoketi ya nyuma nitapata nguvu?

Utapata mvuto, kwa kulipia. Tuseme una meno 14 mbele na 42 nyuma. Uwiano ni 3. Ukifunga ya 45 nyuma, uwiano unakuwa 3.2. Mvuto kwenye tairi unaongezeka kama asilimia 7, na injini inazunguka asilimia 7 zaidi kwa mwendo uleule. Kwa mtu anayepanda na mzigo kila siku ni dawa nzuri tena rahisi. Kwa anayekwenda Kasulu kwenye lami ni kelele na mafuta.

Usibadilishe spoketi peke yake ukaacha cheni ya zamani. Cheni iliyovutika itaisaga mpya ndani ya wiki chache, utarudi kwangu ukiwa umenuniwa na fundi wako. Badilisha seti.

Mwinuko unapunguza nguvu? Naona ikifika juu inakuwa nzito.

Kidogo, ndiyo. Uso wa ziwa letu uko mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, na Kasulu iko karibu 1,300. Hewa inapungua ukipanda, na injini ya kabureta hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo kutoka ufukweni mpaka Kasulu umepoteza asilimia 5 hivi. Uzito unaousikia zaidi ya hapo ni mlima wenyewe, au klachi imeanza kuteleza. Dalili ya klachi ni injini kulia juu bila mwendo kuongezeka.

Mimi ni mwalimu wa kike, mfupi, nimepangiwa kijiji cha kusini mwa ziwa. Nichukue gani?

Hongera, dada, na pole na njia. Kuna watakaokushauri ndefu ya porini kwa sababu barabara ni mbaya. Kwanza hakikisha miguu inafika chini. Kiti cha pikipiki za kawaida za kazi kiko sentimita 80 hivi kutoka ardhini. Zile za porini zinapita 82, nyingine zaidi. Kwenye matope, anayeweka kisigino chini anasimama. Anayegusa kwa kidole anaanguka nayo, halafu hana wa kumsaidia kuinyanyua.

Kwako ningechukua cc 125 ya kawaida, nyepesi, nibadilishe tairi ziwe za meno makubwa, na niweke kinga ya injini chini. Huna abiria wa kila siku, nguvu itakutosha. Beba tyubu, pampu ndogo na plagi moja ya akiba chini ya kiti. Kuanzia Novemba mpaka Aprili panga safari zako kwa mvua, na kivuko cha Ilagala kiulizie kabla hujaondoka.

Kama ungepangiwa kijiji cha ziwani kisicho na barabara ningekwambia usinunue kabisa. Kule pikipiki yako ni boti.

Nimeona XL na DT kwenye mnada wa mashirika. Zinafaa?

Zimetembea sana kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kwingineko na bado zinawaka, hilo halina ubishi. Honda XL 125 ni ya mipigo minne, shokapu ndefu, imara. Yamaha DT na ile AG 100 ya mabwana shamba ni za mipigo miwili. Zinavuta vizuri kwa ukubwa wao, lakini zinakunywa oili pamoja na petroli na zinatoa moshi. Kwa starehe ya barabara mbovu hakuna ya cc 125 za kawaida itakayoishinda XL.

Kwa biashara ya abiria sikushauri. Kiti kiko juu, mama hapandi. Spea unaagiza na kusubiri, wakati spea za Boxer na TVS zipo mpaka kwenye maduka ya vijijini pembeni ya sabuni. Siku moja ya kusubiri spea ni hela ya mafuta ya siku ngapi? Kwa mtu mwenye mshahara anayetaka kufika tu, ichukue, ila nenda na fundi wako mnadani na kagua kadi.

Boxer au TVS?

Ya fundi aliye karibu na kwako. Zote mbili za India, zote zinavumilia, tofauti ya mafuta kwenye cc zinazolingana inategemea zaidi mkono wa dereva. Za Kichina zipo za bei nafuu na nyingine zinafanya kazi vizuri. Angalia tu kama miaka miwili ijayo spea zake bado zitakuwepo.

Za umeme je?

Zina torki kubwa tangu zikiwa zimesimama, kwa mlima ni tamu. Lakini mlima na mzigo ndivyo vinavyomaliza betri upesi, na katikati ya Kalinzi na Manyovu huwezi kununua umeme kwenye chupa. Kwa mtu wa mjini anayelala na pikipiki yake palipo na soketi, aijaribu.

Leseni inategemea cc?

Ndiyo. Inayozidi cc 125 ni daraja A, chini ya hapo A1. Kabla hujachukua 150 hakikisha leseni yako inaruhusu. Na kofia ngumu mbili, yako na ya abiria.

Nitaijaribuje kabla ya kulipa, hasa kama ni ya mkononi?

Asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaiwasha na kuipasha kabla hujafika, jiulize anaficha nini. Iwake kwa mpigo mmoja au miwili. Kisha mpakie rafiki yako mzito, shukeni mpaka stesheni, mgeuke mpande kuja Mwanga kwa gia ya tatu. Msikilize injini: ikigongagonga kama karanga kwenye sufuria, imechoka au inazidiwa. Mwenzako atazame nyuma kama kuna moshi wa bluu. Juu mkifika, izime, subiri dakika moja, iwashe tena. Iliyo nzima inawaka bila kubembelezwa. Iliyochoka ikishapata moto inagoma.

Baada ya hapo mwulize rafiki yako kiti kilikuwaje. Yeye ndiye abiria wako.

Nimeshanunua cc 100 na njia yangu ni Manyovu. Nifanyeje?

Usiiuze kwa hasara wiki hii. Punguza mzigo uende trip mbili badala ya moja. Shuka gia mapema kabla injini haijaanza kulalamika, isikukute umefungua mafuta yote na mwendo unaporomoka. Katikati ya mlima simama dakika tano injini ivute pumzi, hata wewe unywe maji. Oili badilisha kila kilometa 1,500, usingoje 3,000, na iwe 20W-50 kutoka kwenye kopo ulilolifungua mwenyewe. Funga spoketi ya nyuma yenye meno zaidi, na seti ya cheni mpya. Ya meno 45 ninayo dukani. Ya 44 imekwisha tangu Jumamosi, lori likifika nitakuwekea.